Kabla hujasema mtoto ni mzito, umemwangalia?

Ripoti ya mtoto wa dada yangu ilikuja na maneno matatu tu: mzito, haongei, arudie. Mtoto wa miaka 6, darasa la awali, shule ya hapahapa Kigoma mjini ambayo sitaitaja maana ninachotaka kukisema kipo shule nyingi tu. Dada alinisomea kwa simu, nikamwambia dada hebu rudia, akarudia, yaleyale. Sasa mimi huyo mtoto namjua, akija kwangu Mwanga likizo anaongea tangu anaamka mpaka usingizi unamkata katikati ya maneno, halafu asubuhi anaendelea pale alipoishia. Nikajiuliza, huyu aliyeandikwa hapa ni nani?

Nieleweke mapema, simlaumu ticha. Mimi mwenyewe nimefundisha awali miaka 6 kabla sijaacha, hizo fomu nimezijaza kwa mkono wangu, nimeandika mtundu, nimeandika mvivu, nimeandika mzito, na leo ukinikalisha chini ukaniuliza yule mtoto alikuwa anafanya nini hasa mpaka ukaandika vile, sina jibu. Nilikuwa nawaona kila siku ila sikuwa nawaangalia. Hoja yangu yote iko hapo, kwamba kwetu mtoto anahukumiwa kabla hajaangaliwa, wakati kumwangalia mtoto ni kazi kabisa, ina utaratibu wake, kuna watu wameifanya maisha yao yote na wengine wameifanyia hapa kwetu mlangoni.

Mlangoni namaanisha Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Ukisimama mwaloni Kibirizi ukatazama kaskazini, ile milima inayoteremka mpaka majini ndo njia ya kuelekea huko, kwa boti. Tarehe 14 Julai 1960 alishuka huko binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, hana digrii hata moja, kaja na mama yake mzazi maana wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Miezi ya kwanza sokwe wakimuona wanakimbia. Alichofanya ni kukaa. Asubuhi anapanda kilimani na darubini na daftari, anakaa palepale pa jana, mpaka wale wanyama wakamzoea wakaona huyu hana neno. Mwezi wa 11 mwaka huohuo akamuona dume mmoja aliyempa jina la David Greybeard anachomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, anasubiri, analivuta, anakula mchwa waliong'ang'ania. Wakati huo wasomi wengi wanaamini kutengeneza zana ni kwa binadamu peke yake, kumbe miaka yote jambo linafanyika, ila hakuna aliyekaa muda wa kutosha akaliona.

Watu wengi wanakumbuka hao mchwa, mimi nakumbuka zaidi Flo na Flint. Flo alikuwa jike mzee na Flint mwanae wa kiume, mtoto aliyeshindwa kuachana na mama, miaka 8 bado analala naye kiota kimoja na kudandia mgongo. Flo akafa mwaka 1972. Flint akaacha kula, akawa anajikunyata karibu na pale mama yake alipofia, na wiki chache baadae na yeye akafa. Hakuna kipimo wala fomu ambayo ingeweza kutuambia hilo, limejulikana kwa sababu kuna mtu alikuwa anawaandika wale wawili siku hadi siku, miaka na miaka, wakiwa kwao na sio kwenye kizimba.

Halafu kuna sehemu ya hii historia ambayo sisi wenyewe wa Kigoma hatuisemi vya kutosha. Mei 1975 vijana wanne waliokuwa kwenye utafiti walitekwa pale Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, watafiti wa nje wakaondoka, na kazi ya kila siku ikabaki mikononi mwa Watanzania, watu kama Hilali Matama na wenzake, wengi wao hawana elimu kubwa ya darasani. Hawakuacha kuandika. Mama yuko wapi, mtoto yuko umbali gani na mama, nani kamsogelea nani, nani kamnyang'anya nani, na wameandika kwa Kiswahili, yani sehemu kubwa ya kile dunia inachokijua kuhusu sokwe anavyomlea mwanae ilipita kwanza kwenye Kiswahili chetu hiki cha watu wa ziwani. Mwaka 2004 Elizabeth Lonsdorf na wenzake walitoa kwenye jarida la Nature matokeo ya kuwafuatilia watoto wa sokwe wa Gombe kwenye kuvua mchwa, wakakuta wa kike wanajifunza zaidi ya miaka 2 mapema kuliko wa kiume, kwa sababu wa kike walikuwa wanakaa kumtazama mama na wa kiume muda mwingi wako kwenye kuruka na kucheza. Hakuna aliyewafundisha na hakuna aliyewapa mtihani, mtu alikaa tu kichuguuni na saa mkononi.

Najua yupo atakayesema unalinganisha watoto wetu na sokwe. Hapana, na nisingethubutu. Ninachokishika mimi ni ile njia, na njia yenyewe ilianzia kwa watoto wa wasomi wenyewe huko Ulaya. Charles Darwin alimwandika mwanae wa kwanza aliyezaliwa mwaka 1839, lini kashtuka, lini kacheka, lini kakasirika, na maandishi yale akayatoa mwaka 1877. Jean Piaget wa Uswisi aliwaangalia wanae watatu sakafuni kwake, anaficha kitu chini ya kitambaa anaona mtoto anakitafuta au anaona kimeisha habari. Na Marekani, Roger Barker na Herbert Wright walimfuata mtoto mmoja wa miaka 7 kwenye mji mdogo wa Kansas siku nzima ya tarehe 26 Aprili 1949, tangu anaamka mpaka analala, waandishi 8 wanapokezana, na siku hiyo moja ikajaa kitabu kizima. Siku moja ya mtoto ni kitabu! Sisi mwaka mzima tumeutoa kwa maneno matatu.

Kwahiyo nikanunua kaunta buku nikashuka Kibirizi kwa dada yangu. Dada anaanika dagaa, nyumba yao iko hatua chache kutoka kwenye chanja, na watoto wa pale wanacheza katikati ya chanja na maji. Nilienda kwanza kwa wazazi wa wale watoto wengine wanaocheza na mtoto wetu, nikawaeleza nataka nini na nitaandika nini, maana mtu mzima anayekaa kuangalia watoto wa watu bila kusema ana nini, kwa dunia ya sasa hivi anastahili kuulizwa. Mama mmoja alikataa, nikamwambia sawa mama, na mwanae sikumwandika.

Siku ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Wamenizunguka, wanauliza mamdogo unaandika nini, mmoja ananiimbia namba moja mpaka kumi, mwingine anapiga sarakasi huku ananichungulia. Na mimi nikafanya kosa, nilikuja na pipi. Siku ya pili hakuna aliyecheza, wote wamekaa wanasubiri pipi, na wakubwa wameanza kuwasukuma wadogo ili wawe karibu na mkoba wangu. Nilikumbuka Gombe tena. Kule miaka ya mwanzo ya 60 walianza kuwawekea sokwe ndizi kambini ili waonekane kwa ukaribu, na ndizi zilileta sokwe kweli ila zilileta na ugomvi, wakaanza kurundikana na kupigana kuliko kawaida, mpaka ikabidi wapunguze na baadae waache kabisa. Ukibadilisha mazingira ya mtu halafu ukaandika tabia yake, umeandika tabia ya mtu kwenye mazingira uliyoyatengeneza wewe. Pipi nikaacha. Nikawa nakaa sehemu moja, juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, sisemi kitu, nikiulizwa najibu kwa ufupi nainama naandika. Siku ya nne hakuna aliyekuwa na habari na mimi.

Haya ni ya siku hiyo ya nne, yanamhusu mtoto wetu, nimeyatoa kwenye daftari.

"Saa 10:20 jioni. Amekaa kwenye mchanga mbichi. Kandambili moja kaivaa, ya pili kaishika, anaichimba katikati kwa kijiti. Anaongea peke yake, sauti ya chini, Kiha.

Saa 10:24. Msichana (kama miaka 5, kambeba mdogo wake mgongoni kwa kitenge) anasogea, anachuchumaa. Anamwambia msichana aweke watu. Msichana anaokota mawe madogo matano anayapanga juu ya kandambili. Mtoto wetu anayahesabu kwa kidole. Anatoa moja anaweka pembeni. Anasema huyu abaki, tutazama.

Saa 10:31. Anaisukuma majini. Wimbi linaibeba. Anakimbia, maji yanafika magotini. Anasimama. Anageuka kumtazama mama yake kwenye chanja. Mama anageuza dagaa, hajainua kichwa. Anatazama kandambili. Anarudi nchi kavu mbio, anachukua mti mrefu, anavutia nao.

Saa 10:33. Mawe yameanguka. Anasema wamekufa maji wote, tuanze tena."

Dakika 13. Ona vilivyomo humo: anahesabu, anajua mtumbwi ukizidi watu unazama, anampangia mwenzake kazi, anatafuta suluhisho mwenyewe, na anajua kina cha maji ambacho hatakiwi kuvuka. Na anaongea muda wote. Pia ona ambavyo havimo. Sijaandika alifurahi, sijaandika ana akili, sijaandika mtundu. Hii ndo sehemu ngumu kuliko zote na nimeifanyia mazoezi mpaka sasa hivi sijaiweza sawasawa, mkono unakimbilia kuandika alikasirika wakati ulichokiona ni mtoto katupa kijiti kakaa kakupa mgongo. Labda kakasirika. Labda kachoka, labda ana usingizi, labda jua linampiga machoni. Ukiandika alikasirika, zile labda zote umeziua, na kesho ukirudi kusoma huwezi tena kuzifufua.

Ile saa 10:31 nataka niikalie kidogo. Mtoto kafika mpaka ule ambao moyo unamwambia subiri, kageuka kumtafuta mama kwa macho, kamuona yupo, basi, karudi kwenye shughuli yake. Kuna mwanamke aliyeona tazamo kama hilo hapa jirani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 akafanya kazi vijiji vya karibu na Kampala, akazifuata familia 26, anaenda nyumbani kwa watu anakaa masaa mawili hivi, baada ya wiki mbili anarudi, yuko na mkalimani, na hivyo kwa miezi. Nachompendea ni hiki, alikuja na swali lake mkononi, alikuwa amesikia kwamba kule mama akimwachisha mtoto ziwa anampeleka akae kwa ndugu, akataka kujua huko kutenganishwa kunamfanya nini mtoto. Kufika, akakuta wengi hawafanyi tena hivyo. Mtu mwingine angelazimisha au angekata tiketi arudi. Yeye akakaa akaangalia kilichopo. Akaona watoto wanatambaa kwenda mbali na mama, wanachungulia mlangoni, wanarudi, wanagusa goti la mama, wanaenda tena, akaelewa kwamba kwa mtoto mama ni kama kituo cha kuondokea na kurudia. Moja ya mambo makubwa yanayofundishwa leo vyuoni kuhusu mtoto na mlezi lilionekana kwanza kwenye sakafu za nyumba za Waganda, kabla halijaonekana maabara yoyote.

Baadae alienda Baltimore, Marekani, akafanya tena kazi ya kutembelea nyumba. Wale watoto wa kule nyumbani hawakuonyesha hilo jambo waziwazi kama wa Uganda, wamezoea mama anaingia anatoka, ndo akatengeneza kile chumba chenye vitu vya kuchezea na mtu mgeni, mama anatoka kidogo anarudi, kama dakika 20 hivi, unaangalia mtoto anampokeaje. Chumba kikawa maarufu dunia nzima, ni rahisi, ni kifupi, unaweza kukifanyia popote. Na hapo ndo mimi nabishana. Ukimchukua mtoto wa Ujiji anayelelewa na mama, bibi, shangazi, dada mkubwa na jirani anayeuza mawese, ukamfungia chumbani na mgeni, utapata kitu, sikatai, ila utakuwa umewafuta watu wanne wanaomlea kabla hujaanza kupima. Chumba kilizaliwa ili kusaidia pale macho ya nyumbani yalipokwama. Watu wakachukua chumba wakaacha kwenda nyumbani.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na ya ticha mwenyewe nilikaa nyuma ya darasa, kuanzia saa 2 mpaka saa 4 asubuhi. Kila swali liliulizwa kwa darasa zima na likajibiwa kwa kwaya, hiki ni nini, hiki ni kikombeee. Ndani ya masaa hayo mawili hakuna hata swali moja lililoelekezwa kwa mtoto wetu yeye kama yeye. Kakaa mstari wa nyuma pembeni ya dirisha. Alifungua mdomo mara tatu, zote kwa jirani yake, zote kwa Kiha, na mara moja kati ya hizo aliambiwa nyamaza. Nimezihesabu kwa mistari midogo pembeni ya ukurasa. Kwahiyo neno haongei sio uongo. Kwenye lile darasa, kwa lugha ile, kwa staili ile ya kuulizwa, haongei. Ila ripoti haikusema hivyo, ripoti imechukua kitu cha mahali fulani na saa fulani ikakigeuza kuwa mtoto mwenyewe.

Hili la mahali watu wameshalionyesha vizuri. Mwanasaikolojia Robert Serpell, ambaye kafanya kazi Zambia miaka mingi, aliwachukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester akawapa kazi ileile ya kuiga umbo walilopewa. Kwa penseli na karatasi wa Manchester wakafanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Lusaka wakawapita, maana watoto wa huko wanatengeneza magari ya waya mtaani kila siku. Kwa udongo wakakaribiana. Alitoa hayo mwaka 1979. Sasa fikiria ungekuwa na penseli peke yake, ungeandika nini kuhusu mtoto wa Lusaka? Ungeandika mzito.

Yule msichana wa kitenge naye siwezi kumwacha hivihivi. Nilimwandika siku tatu, na ndani ya kila dakika kumi alikuwa anafanya kitu kwa yule mtoto mgongoni, anamrusha kidogo akilia, anamfuta kamasi, anamkinga jua kwa mkono huku mchezo unaendelea, hajaambiwa na mtu. Miaka 5. Nani amewahi kumwandikia hiyo kwenye ripoti? Mwanaanthropolojia Carol Ember aliwaangalia watoto wa Kijaluo magharibi ya Kenya akaandika mwaka 1973 kwamba wavulana waliokuwa wanapewa kazi zinazohesabika za wasichana, hasa zile za ndani ya nyumba, walikuwa wapole zaidi na sio wagomvi kama wenzao. Tena hawakupewa kwa sababu ni wapole, walipewa kwa sababu nyumbani hapakuwa na binti wa kuzifanya. Hilo linanifanya nimtazame kwa jicho lingine kaka wa yule msichana, miaka 9, anayepita na ringi lake la baiskeli na hakuna anayemwita ashike mtoto.

Njia hii ina mapungufu na sitaki kuyaficha. Moja kubwa ni kwamba macho yanaona kinachotokea, hayaoni kwanini. Mimi nimeona Kiha kinaongelewa na Kiswahili cha darasani kinamfunga mdomo, ila nikisema lugha ndo sababu nakuwa nimeruka, inawezekana ni kelele, inawezekana ni kukaa nyuma, inawezekana hasikii vizuri sikio moja, na hilo la sikio dada nimemwambia ampeleke hospitali akapimwe, maana kuangalia sio mbadala wa daktari. Halafu mimi ni mama yake mdogo, nampenda, macho yangu yanatafuta mazuri yake. Ndo maana nilimuomba rafiki yangu mmoja asiyemjua huyo mtoto akae na mimi jioni mbili, kila mtu na daftari lake, hatuongei, tukalinganisha mwishoni. Tulipishana sehemu kadhaa, na kwenye kila tulipopishana nilikuta mimi ndo nimeandika maoni badala ya kitendo.

Na siku moja haitoshi. Wiki za giza wavuvi wako ziwani usiku kucha, asubuhi chanja zimejaa, watoto mchezo wao ni mitumbwi na kuuza mafungu ya dagaa wa mchanga. Ikija mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri, baba wako nchi kavu wanashona nyavu, na watoto wamebadilika hao, wanashona nyavu zao za kamba za mgomba, wanaongea kama baba zao, hata sauti wanazifanya nzito. Ningeenda wiki moja tu ningesema watoto wa Kibirizi wanacheza hivi, nikawa nimeandika mwezi badala ya watoto.

Kuhusu simu nina ugomvi nao wa wazi. Siku hizi mtoto akifanya kitu kizuri mtu anatoa simu, anamrekodi, anampa maelekezo rudia tena, halafu stetasi. Huyo mtoto hajaangaliwa, katumika. Mtoto ambaye analia, anaoga, anaadhibiwa, kakojoa, hayo hayarekodiwi wala hayatumwi kokote, tuna Sheria ya Mtoto tangu mwaka 2009 na hata kama tusingekuwa nayo, huyo ni mtu na kesho atakuwa mkubwa. Daftari langu halina jina la mtoto yeyote, na linakaa kabatini.

Maticha watasema, na wana haki, una watoto 80 mbele yako, chaki haitoshi, unakuja kutuambia habari za kukaa kuandika. Nimekuwa huko, najua. Ninachopendekeza ni kidogo sana: watoto wawili kwa siku, mistari mitatu kila mmoja, wakati wa mapumziko wanapocheza rede au kombolela, kitendo tu hakuna sifa. Watoto 80 kwa wawiliwawili ni siku 40 za shule, wiki 8, yani kabla muhula haujaisha kila mtoto kashaangaliwa mara moja na mtu mzima mmoja. Sasa hivi kuna watoto wanamaliza awali hawajaangaliwa hata hiyo mara moja. Serikali yenyewe imeandika kwenye ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, kwamba mtoto anahitaji malezi yenye mwitikio, na mimi sioni namna ya kuitikia kitu ambacho haujakiona. Semina nyingi zinawapa maticha vipeperushi. Kuna watu wazima hapa mkoani wamezeeka wakifanya kazi ya kuangalia kwa utulivu na kuandika bila kutia chumvi, wamestaafu wako majumbani vijijini. Mbona hatuwaiti wakae na maticha wetu wiki moja?

Daftari nilimpelekea ticha. Alisoma kurasa zile za kandambili akiwa amesimama mlangoni, akarudia moja, akaniuliza hii ya mawe ilikuwa jioni, nikamwambia ndio mwalimu, saa kumi na nusu hivi. Akasema yeye Kiha anakijua vizuri tu, kakulia Kasulu, ila darasani hajawahi kukitumia maana wanatakiwa Kiswahili. Hakusema zaidi, na ripoti mpaka naandika haijabadilishwa. Ila wiki iliyofuata nilikaa tena nyuma ya darasa. Wenzake wanachora, ticha akaenda kuchuchumaa pembeni ya dirisha, akaweka kipande cha ubao juu ya dawati na vizibo vitano vya soda juu yake, akamuuliza kwa Kiha, sauti ya chini, mtumbwi huu utafika?

Mtoto aliangalia vizibo. Akamwangalia ticha. Akatoa kimoja akakiweka pembeni, akasema huyu abaki.